Nani Hulipia Katuni? Msomaji wa Baba Dogo na Hadithi za Michoro za Afrika Mashariki

Kwa muda mrefu uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umepitia milango miwili: mmoja wa tenzi na mashairi, mwingine wa riwaya na tamthilia. Riwaya pendwa ilibisha hodi kwenye mlango huo wa pili kwa miaka mingi kabla ya kukaribishwa. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa walikuwa wamekwisha kusomwa na umma mpana huku wahakiki wakiendelea kubishana iwapo wanastahili kusomwa. Hadithi za katuni bado ziko uani. Zikitajwa katika idara za vyuo vikuu, aghalabu hutajwa na wanaisimu wanaosaka mifano ya Sheng, au na wanafunzi wa mawasiliano wanaopima iwapo ujumbe fulani wa afya umewafikia vijana. Ni nadra kuulizwa lile swali ambalo mhakiki wa riwaya hulianza nalo: je, kazi hii ni nzuri?

Swali hilo limeachiwa mpenzi wa katuni. Yeye hulijibu kila siku, tena bila malipo, kwa kumwambia mwenzake soma hii, iache ile, mchoraji fulani amehama gazeti, toleo lile limekwisha na halitachapwa tena. Mazungumzo ya namna hiyo yana kasoro zake. Huchanganya mapenzi na hukumu, na mara nyingi mchoraji husifiwa kwa kuwa tu ni mtu wa mtaani. Hata hivyo yana jambo moja ambalo uhakiki wa chuoni umelisahau: mpenzi wa katuni haitengi hadithi na njia iliyoifikisha mkononi mwake. Anajua ilipatikana wapi, kwa pesa ngapi, au kwamba haikununuliwa kabisa. Makala haya yanadai kwamba maarifa hayo ni sehemu ya kuielewa fani yenyewe, kwa kuwa katika hadithi za michoro za Afrika Mashariki anayelipa ndiye, kwa kiasi kikubwa, anayeamua kisa kiishie wapi na kwa lugha gani.

Mahali pa kulipimia dai hilo ni Baba Dogo. Huu ni mtaa wa viwanda na nyumba za ghorofa za kupanga katika upande wa kaskazini-mashariki wa Nairobi, si mbali na barabara ya Outer Ring, ukipakana na Korogocho na Lucky Summer. Msomaji anayekusudiwa hapa ni kijana wa mtaa huo aliyemaliza shule ya upili, anayeijua Kiswahili sanifu ya darasani na Sheng ya kibarazani, na ambaye macho yake yamefundishwa kusoma picha tangu utotoni. Mafunzo hayo hayakutoka kitabuni. Matatu za Eastlands zimekuwa makumbusho ya michoro kwa miongo kadhaa: wanamuziki, wanasoka, majabali wa Marekani, misemo iliyopindwa herufi. Kanuni za usafiri za mwaka 2004, zinazohusishwa na waziri John Michuki, zilileta mstari wa manjano na kuififiza sanaa hiyo. Mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliiunga mkono hadharani, nayo ikarejea kwa fujo. Kwa hiyo kumwambia kijana huyu kwamba katuni ni usomaji wa watoto wasiomudu maneno ni kutoelewa jinsi alivyokulia mjini.

Je, asome nini? Duka la vitabu la mtaani halimsaidii sana, maana rafu zake hujaa vitabu vya kiada. Akiteremka katikati ya jiji atakuta wauzaji wa vitabu vilivyotumika waliotandaza bidhaa zao kando ya njia, mahali ambapo wenyeji wa Nairobi wamepaita kwa utani "inama bookshop", kwa sababu mnunuzi hana budi kuinama. Hapo kuna bahati: leo Tintin aliyekatika jalada, kesho matoleo mawili ya Marvel yasiyofuatana. Huko atakutana, pengine, na Storm, yule mwanamke anayetawala dhoruba ambaye kampuni ya Marvel ilimtoa mwaka 1975 na kumpa mama Mkenya. Ni Kenya isiyo na Baba Dogo ndani yake, wala matatu, wala kodi ya nyumba. Hili si lawama kubwa. Watunzi wale hawakumwandikia mtu wa Eastlands, na hakuwalipa. Lakini linaonyesha kwa nini mapendekezo ya mpenzi wa katuni hayawezi kuishia kwenye vitabu vya nje hata kama michoro yake ni ya ustadi wa hali ya juu.

Kitabu cha kwanza ambacho mtu anaweza kukipendekeza bila kusita ni Abunuwasi cha Gado, kilichotolewa jijini Nairobi mwaka 1996 na Sasa Sema, shirika la uchapishaji lililoanzishwa na Lila Luce kwa nia ya kutoa hadithi za katuni katika muundo wa kitabu. Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam, alikuwa amejiunga na magazeti ya Nation mwaka 1992, na mkono wake ulikuwa tayari umezoea kuwachora wanasiasa kwa pua na matumbo yanayosema zaidi ya hotuba zao. Kumpa mkono huo Abunuwasi, yule mjanja ambaye pwani ilimpokea kutoka Baghdad na kumfanya jirani yake, lilikuwa wazo la busara.

Thamani ya kitabu hicho haieleweki vizuri bila kufikiria ugumu anaoukabili mchoraji wa hekaya za aina hii. Chukua hekaya ya sufuria, ambayo watoto wengi wa Afrika Mashariki wameisikia: Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha pamoja na kisufuria kidogo akidai kubwa imezaa, na jirani anapokea kwa furaha, mara ya pili haimrudishii, akidai imekufa. Katika masimulizi ya mdomo uzito wote umo katika kimya cha msimulizi kabla ya neno "imekufa". Hadhira inangoja, na msimulizi anaujua muda wa kuingoja. Ukurasa hauna kimya cha namna hiyo, kwa sababu macho ya msomaji hukimbia na kuona kisanduku cha mwisho kabla ya cha kwanza. Mchoraji hana budi kutafuta ngoja hiyo mahali pengine: katika nafasi nyeupe baina ya visanduku, katika kugeuzwa kwa ukurasa, na hasa katika uso. Kisanduku muhimu cha hekaya hiyo ni uso wa jirani anapokubali kwamba sufuria huzaa. Anajua ni uongo, anajua kwamba mwenziwe anajua, na tamaa inamzuia kusema. Mchoraji asiyeweza kuuchora uso huo ameipoteza hekaya yote, hata viputo vyake viwe na Kiswahili cha kupendeza namna gani. Gado ni hodari hasa katika nyuso za watu wanaoufaidi uongo. Kazi ya kila siku ya gazetini ilimpa mafunzo hayo.

Kitabu hicho kimeandikwa kwa Kiswahili ambacho mwalimu hawezi kukikataa. Hilo nalo lina mlipaji wake. Kitabu cha katuni kinachouzwa dukani nchini Kenya hununuliwa na mzazi au shule, na mzazi hununua akiwa na mtihani akilini; lugha itakayomharibia mtoto insha haiwezi kununuliwa. Sasa Sema ilitoa katuni nyingine za Kiswahili, miongoni mwake Mkasa wa Shujaa Liyongo, lakini baadaye iligeukia pia wasifu wa watu mashuhuri wa Afrika kwa wasomaji wachanga, na jina lake likaishia kuwa chini ya kampuni ya Longhorn. Mkondo huo hauhitaji maelezo marefu. Soko la shule lilivuta, na katuni ya mtu mzima haina pa kusimama katika soko la shule. Kijana wa Baba Dogo anayesoma Abunuwasi atamtambua jirani mwenye tamaa, na bila shaka atampa uso wa mwenye nyumba wake. Lakini kazi hiyo ya kuhamisha kisa kutoka ua wa kale hadi ghorofa ya tatu ataifanya peke yake.

Aliyeamua kumfanyia kazi hiyo ni Shujaaz, na hapa panahitaji kukaa zaidi.

Jarida la katuni la Shujaaz lilianza Februari 2010, likitolewa Nairobi na kampuni ya Well Told Story iliyoanzishwa na Rob Burnet, ambayo baadaye ilichukua jina la jarida lenyewe. Lilitolewa bure, mamia ya maelfu ya nakala kwa mwezi, likiwekwa ndani ya gazeti la Daily Nation na kugawiwa katika vibanda vya M-Pesa. Ni vigumu kutia chumvi katika umuhimu wa uamuzi huo wa usambazaji. Kwa mara ya kwanza katuni ilimfuata msomaji wa Eastlands mahali anapokwenda kutuma na kutoa pesa, na haikumdai chochote. Mwaka 2012 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya Emmy, na miaka michache baadaye ukavuka mpaka hadi Tanzania.

Mhusika wake mkuu ni Boyie, kijana aliyemaliza shule na kukosa kazi, ambaye anaunda kituo cha redio chumbani kwao na kuyateka mawimbi ya hewa kwa jina la DJ B. Hakuna anayemjua DJ B ni nani. Hata mama yake hajui kwamba sauti inayozungumzwa na nchi nzima inatoka nyuma ya mlango wa mwanawe. Kama ubunifu wa kifasihi, wazo hili ni la kupongezwa kuliko lilivyopongezwa. Limekusanya katika mhusika mmoja hali ya kizazi kizima cha vijana: kusikika bila kuonekana, kuwa na la kusema na kutokuwa na cheo cha kulisemea. Limeunda pia kinaya kinachoweza kuzaa visa bila kukauka, maana kila anayemdharau Boyie sebuleni anaweza kuwa anamsifu DJ B barabarani. Wala wazo hilo halikutoka hewani. Hatua chache kutoka Baba Dogo, katika Korogocho, vijana walianzisha Koch FM mwaka 2006 ndani ya kontena la meli. Tofauti ni kwamba redio ya Korogocho ilikuwa ya jamii, yenye watu wanaojulikana kwa majina na nyuso, ilhali redio ya Boyie ni ya mtu mmoja aliyejificha. Mhakiki ana haki ya kuuliza kwa nini hadithi iliyokusudiwa kuwajumuisha vijana ilihitaji shujaa mpweke, wakati mfano halisi wa jirani ulikuwa wa kikundi.

Uhusiano wa Boyie na wasomaji wake unastahili kutafitiwa na wanafunzi wa fasihi simulizi. Vijana walimwandikia DJ B kwa ujumbe wa simu na kwenye Facebook kama mtu aliye hai, wakimweleza shida zao na kumuuliza ushauri, na sauti yake ilisikika kweli katika vituo vya redio. Hadhira inayomjibu msimulizi si jambo geni katika utamaduni wa hadithi; jipya ni kwamba anayejibiwa ni mchoro. Mpaka kati ya mhusika na hadhira, ambao riwaya iliujenga kwa bidii, hapa umebomolewa.

Udhaifu wa Shujaaz unaanzia pale pale nguvu zake zinapoanzia. Kilichotolewa bure kimelipiwa na mtu, na hapa waliolipa ni mashirika ya wafadhili na wabia wenye ajenda za kilimo, afya, fedha na uraia. Hakuna siri katika hilo. Waanzilishi wenyewe wamelieleza waziwazi. Athari yake katika fani ndiyo ambayo haijajadiliwa. Moja ya mifano inayokumbukwa ni ule wa kuwapaka vifaranga rangi ili mwewe asiwatambue kuwa ni chakula. Kama maarifa, ni ya kuvutia. Kama taswira, ni ya kishairi kwelikweli: vifaranga wenye rangi ngeni wakitembea uani, mwewe juu akishangaa. Mchoraji anapewa zawadi ambayo mwandishi wa riwaya angeililia. Lakini kisa cha aina hiyo kina mwisho uliokwishaamuliwa kabla ya kisanduku cha kwanza kuchorwa. Lazima maarifa yafike, yafanye kazi, na mhusika afaidike. Kinachopotea ni uwezekano wa kushindwa. Katika fasihi ya watu wazima mbinu nzuri inaweza kushindwa kwa sababu jirani ni mwizi, au mvua imekuja mapema, au mhusika mwenyewe ni mvivu. Na kushindwa huko ndiko kunakomfunua. Mhusika ambaye kila anachojifunza kinamfaa huishia kuwa mfano, na mifano haikai akilini kama watu wanavyokaa. Ndiyo maana visanduku bora vya Shujaaz ni vile ambavyo ujumbe haujaingia bado: Boyie akiizima mitambo kwa haraka kwa kuwa amesikia hatua za mama. Hapo hakuna mfadhili. Kuna kijana na mzazi na uongo baina yao.

Suala la lugha ni tata zaidi ya linavyoelezwa na wanaolisifu na wanaolilaumu. Walinzi wa Kiswahili sanifu wamesema kwamba jarida la Sheng linaharibu lugha. Hoja hiyo ni dhaifu, kwa kuwa kijana asemaye "keja" kwa nyumba na "doo" kwa pesa hakungoja katuni imfundishe. Ugumu halisi uko kwingine. Sheng huishi kwa kubadilika. Kila mtaa una maneno yake, na Baba Dogo haiwi Baba Dogo mbele ya Dandora au Kayole isipokuwa kwa kusema tofauti kidogo. Neno linalotambulika nchi nzima limekwisha kuwa kuukuu kwa walioliunda. Jarida linalochapwa kwa mamia ya maelfu na kusomwa kutoka Mombasa hadi Kisumu haliwezi kuandika Sheng ya mtaa mmoja. Linalazimika kuchagua maneno yanayoeleweka na wengi, na kwa kufanya hivyo linaunda aina ya Sheng sanifu ambayo haizungumzwi hasa na mtu yeyote. Kwa maneno mengine, wafadhili wamefanya kwa Sheng kile ambacho Kamati ya Lugha ya enzi ya ukoloni ilikifanya kwa Kiunguja katika miaka ya 1930, ingawa kwa miaka michache na bila kamusi. Huenda hilo likaonekana kuwa kejeli. Ni uchunguzi tu, na wanaisimu wangefanya vyema kuufuatilia kabla ya matoleo ya mwanzo kupotea. Aidha, Sheng iliyochapwa huzeeka upesi: matoleo ya 2010 yakisomwa leo yana ladha ya picha za zamani, ambapo mtu hucheka mitindo ya nguo kabla ya kutazama nyuso. Abunuwasi ya 1996 haijazeeka hivyo, maana iliandikwa kwa lugha ambayo haikuwa na haraka.

Njia mbili hizi, ya shule na ya mfadhili, zimezoeleka kiasi kwamba Mkenya anaweza kudhani hakuna ya tatu. Tanzania inaonyesha kwamba iko. Gazeti la Sani lilianzishwa Dar es Salaam katika miaka ya 1970 na Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, ambao walikata silabi za mwanzo za majina yao na kupata jina la gazeti. Katika kurasa zake Philip Ndunguru aliwachora Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe, Pimbi na Madenge, na alipofariki mwaka 1986 wahusika hao hawakuzikwa naye. Wachoraji wengine waliendelea kuwachora. Sani haikuwa na mfadhili wala haikuingia katika silabasi. Ilinunuliwa na mtu aliyetaka kucheka, kwa shilingi zake mwenyewe, katika nchi iliyokuwa na uhaba wa karibu kila kitu.

Mtazame Lodi Lofa. Jina lake lina hadithi nzima: bwana mkubwa asiye na kitu. Ni mtu wa mjini anayeishi kwa kujifanya, na kichekesho chake hakitokani na umaskini wake. Kinatokana na juhudi anayoitia katika kuuficha. Hakuna anayemfundisha Lodi Lofa kuweka akiba. Hakuna kisa kinachomalizika kwa yeye kujirekebisha, kwa sababu akijirekebisha gazeti limekwisha. Msomaji aliyelipa hakutaka kufundishwa. Alitaka kuonyeshwa mtu anayemjua, na labda mtu aliye yeye. Haya yasichukuliwe kuwa sifa tupu. Mlipaji huyo naye alikuwa na amri zake, na usawiri wa wanawake katika magazeti ya aina ya Sani una mengi ya kulaumiwa: mara nyingi mwanamke ni chambo au mtego, na mchoraji anamjua kuanzia kiunoni kwenda chini. Soko la kicheko lina ukali wake, kama lilivyo soko la shule na la mfadhili. Tofauti ni kwamba soko hilo liliwaacha wahusika washindwe, na kwa hiyo liliwaacha wawe watu.

Nairobi ilikuwa na mfano wa jirani. Gazeti la Joe la Hilary Ng'weno na Terry Hirst, lililotoka kuanzia 1973 hadi 1979, lilimchukua mwananchi wa kawaida wa mjini na kumwacha acheke ili asilie. Hata hivyo liliandikwa kwa Kiingereza, na kilichotoweka pamoja nalo hakikuwahi kupata mrithi wa Kiswahili wa kiwango chake. Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo aliishi miaka mingi sana, lakini ndani ya vijisanduku vichache vya gazeti, mahali ambapo kisa kirefu hakiwezi kupumua.

Kwa mpenzi wa katuni anayetaka kuona jinsi mtaa unavyoweza kuandikwa kwa urefu, pendekezo la lazima liko mbali na hapa. Aya de Yopougon, iliyoandikwa na Marguerite Abouet na kuchorwa na Clément Oubrerie, ilianza kutoka Ufaransa mwaka 2005 na kupata tuzo katika tamasha la Angoulême mwaka uliofuata. Yopougon ni mtaa wa wafanyakazi mjini Abidjan. Wahusika ni wasichana watatu na familia zao, na yanayotokea ni mimba, kazi, ulevi wa mababa na umbea wa mamama. Kifaransa chake ni cha Abidjan, na nyuma ya kitabu kuna maelezo ya maneno kwa msomaji mgeni. Mpangilio huo wa lugha ni funzo kubwa kwa wanaobishana kuhusu Sheng: maneno ya mtaa yaliachwa yawe ya mtaa, na mgeni ndiye aliyepewa kazi ya kugeuza kurasa. Kadhalika Madame Livingstone ya mwaka 2014, iliyochorwa na Barly Baruti wa Kisangani akishirikiana na Christophe Cassiau-Haurie, inahusu Vita vya Kwanza vya Dunia katika Ziwa Tanganyika. Ilitoka kwa Kifaransa. Kwamba hadithi ya ziwa ambalo pwani zake husema Kiswahili ilipaswa kuwa kazi ya kwanza ya mtafsiri yeyote wa katuni katika idara zetu ni jambo lisilohitaji mjadala.

Ni wazi kwamba Aya nayo ina mlipaji: msomaji wa Ufaransa, mwenye duka la vitabu karibu na mazoea ya kununua albamu za katuni. Baba Dogo haina mlipaji huyo. Ina, hata hivyo, watu wanaolipia muziki, mpira na filamu kila wiki, na hakuna sababu ya kimaumbile ya kuamini kwamba mtu huyo huyo hawezi kulipia kisa kirefu cha mchoro kinachomhusu. Miaka ya katuni ya bure huenda imemzoesha kudhani kwamba katuni ni tangazo. Hilo ni deni ambalo Shujaaz, pamoja na mema yake yote, imeliacha.

Zimebaki habari za wachoraji wenyewe, ambazo kwa mpenzi wa katuni si nyongeza. Mwaka 2016 mkataba wa Gado na Nation Media Group haukuendelezwa, baada ya zaidi ya miaka 20 ya kuchora kwa karibu kila siku. Tukio hilo lilijadiliwa kama suala la uhuru wa habari, na lilikuwa hivyo. Lakini lilikuwa pia suala la fani. Lilionyesha kwamba mchoraji hodari kuliko wote katika kanda hii alitegemea mlango mmoja. Kama katuni ya kitabu ingekuwa na soko, mchoraji aliyefungiwa gazeti angekwenda kwa wasomaji wake na kisa kirefu mkononi.

Kizazi kilichofuata kilihamia simuni. Mnamo 2024 Gideon Kibet, ajulikanaye kama Kibet Bull, alijulikana kwa vivuli vyeusi vya Rais William Ruto vilivyosambaa mitandaoni: umbo tupu, bila sura, bila rangi, aghalabu bila neno. Kama fani, ni jibu la werevu kwa kioo kidogo cha simu, kwa sababu kivuli husomeka kwa nukta ya wakati na humtambulisha mtu kwa mkao wake peke yake. Mchoraji huyo alitoweka siku ya mkesha wa Krismasi mwaka 2024 na kuonekana tena Januari 2025. Muda wote huo picha zake ziliendelea kupita kutoka simu hadi simu, Baba Dogo ikiwemo bila shaka. Hazina kiputo, hivyo hazimpi mhakiki nafasi ya kubishana kuhusu Sheng na Kiswahili sanifu. Hazikuuzwa wala kufadhiliwa. Maktaba ya chuo ikitaka kuzihifadhi italazimika kwanza kuamua iziweke kwenye rafu gani, na kwa sasa rafu hiyo haina jina.